Saspensheni ya Pikipiki ya Porini: Anza na Springi, Kliki Baadaye

Mwendeshaji wa pikipiki za porini anayeishi Nairobi ana kila aina ya ardhi karibu naye. Nyuma ya vilima vya Ngong kuna mawe. Kuelekea Suswa kuna vumbi laini linalomeza gurudumu la mbele. Kitengela na Isinya kuna udongo mweusi ambao ukinyeshewa hunata mpaka madigadi yanajaa, na barabara za maramu za Kajiado zina yale mawimbi mafupi mafupi yanayotikisa mtu hadi meno. Pikipiki ni ileile na mtu ni yuleyule, tena huenda akapita kote huko kwa siku moja.

Pikipiki ikianza kupiga mikono au kurusha mkia, wengi hukimbilia bisibisi na kuzungusha skrubu za foku, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele. Skrubu hizo hudhibiti oili tu. Kinachobeba uzito wako ni springi, na springi isiyolingana na uzito wako haiponi kwa kliki, yaani hatua ndogo za skrubu hizo, hata ukizungusha mchana kutwa. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa utaratibu mmoja: chagua pikipiki inayokufaa, ikague, jua uzito wako, pima sagi (kiasi ambacho pikipiki inashuka ikibeba uzito), na bisibisi ije mwisho.

Kuchagua: angalia kazi, usiangalie mwendo wa foku

Mwendo wa foku ni umbali ambao foku inaweza kuingia kutoka juu hadi mwisho. Honda XR150L ina takriban milimita 180 mbele na 150 nyuma. Honda CRF300L ina milimita 260 mbele na nyuma. KTM za aina ya EXC, ambazo ni enduro halisi, yaani za mashindano ya njia ndefu za porini, zina karibu milimita 300 mbele na 310 nyuma. Mtu akiona namba hizi hufikiri kubwa ndiyo bora, na hapo ndipo pesa zinapopotea. Mwendo mrefu huja na kiti kirefu, na pikipiki usiyoifikia chini kwa miguu yote miwili itakuchosha kwenye mawe ya Ngong kabla saspensheni yake haijakusaidia kwa lolote.

Zingatia pia tofauti ya motokrosi na enduro. Pikipiki ya motokrosi imepangiwa kuruka na kutua kwa nguvu katika uwanja uliotengenezwa, kwa hiyo ni ngumu. Ukiipeleka kwenye njia ya mawe kwa mwendo wa pole, kila jiwe unalipokea kwenye viganja. Ya enduro ni laini zaidi mwanzoni mwa mwendo wake. Kama safari zako za Jumamosi ni vijia vya mifugo na makorongo, enduro iliyotumika itakufaa kuliko motokrosi mpya, na huo ndio ushauri ninaompa kila anayeniuliza.

Kwa anayeanza, au anayetumia pikipiki hiyohiyo kwenda kazini, XR150L au ndugu zake wanatosha. Foku zake hazina skrubu za kurekebisha, lakini kuna mambo ya maana unayoweza kuzifanyia, na tutayafikia. CRF300L ni pikipiki nzuri ya kila kitu, ila springi zake ni laini kwa mtu mzito au anayebeba mizigo. Ukiinunua, weka bajeti ya springi pembeni tangu siku ya kwanza.

Foku za hewa nazo zipo, hasa kwenye KTM na Husqvarna za motokrosi za miaka ya karibuni. Badala ya springi zina hewa iliyoshindiliwa, kwenye foku nyingi za WP, kampuni inayoziundia saspensheni, ikiwa karibu bar 10. Uzuri wake ni kwamba hununui springi nyingine. Unaongeza au kupunguza hewa kwa pampu maalumu. Ubaya ni kwamba sili, ile raba inayozuia hewa na oili isitoke, ikivuja ukiwa mbali na nyumbani, mbele yote inalala. Kwa njia za porini mimi napendelea springi.

Kukagua iliyotumika kabla ya kulipa

Nenda mchana, pikipiki ikiwa baridi na isiyooshwa upya. Pitisha ukucha kwenye bomba la kromu la foku kutoka juu hadi chini, pande zote. Ukucha ukikwama mahali, hapo pana kijishimo cha kutu au jiwe, na kijishimo hicho kitakata sili mpya ndani ya muda mfupi. Kisha futa chini ya sili kwa kidole, kaa juu, bonyeza mbele mara kadhaa, uangalie tena. Pete nyembamba ya oili iliyochanganyika na vumbi ni dalili ya sili iliyochoka, na hiyo si sababu ya kukataa pikipiki, bali ya kupunguza bei. Kromu iliyoliwa ni jambo jingine kabisa, maana hapo unaelekea kununua bomba.

Nyuma, inua pikipiki juu ya kreti ya soda hadi gurudumu lining'inie. Shika gurudumu kwa chini, liinue polepole na kulishusha. Ukisikia mchezo, yaani linacheza kidogo kabla shoki (springi na silinda yake ya oili ya nyuma) haijaanza kusogea, beringi za mikono inayounganisha shoki zimekwisha. Hili hupuuzwa sana, na beringi zilizokwisha humfanya mtu ahangaike kurekebisha shoki isiyo na kosa. Mwisho, keti, ubonyeze kiti kwa nguvu na kukiachia. Kikirudi juu kwa kuruka kama mpira, oili au gesi ya shoki imekwisha.

Hatua ya kwanza: uzito wako halisi

Jipime ukiwa umevaa kila kitu unachovaa njiani: helmeti, buti, vikinga vya magoti na kifua, na mfuko wa maji mgongoni ukiwa umejaa. Mavazi hayo hufikia kilo 10 au zaidi, na mtu anayejijua kuwa na kilo 82 hushangaa mizani ikisoma 93. Namba hii ndiyo itakayoamua springi. Kwenye enduro nyingi za Ulaya, springi za kiwandani zimepangiwa mtu wa kilo 75 hadi 85, na kitabu cha pikipiki huwa na jedwali la springi kwa uzito. Tafuta jedwali hilo kabla ya kuuliza mtu yeyote.

Angalia upepo wa tairi wakati huohuo. Kwa porini, psi 12 hadi 15 ndiyo kiasi cha kawaida kwa tairi zenye tyubu. Nimeona watu wakilalamikia foku ngumu ilhali tairi ya mbele ina psi 30 iliyowekwa kwenye kituo cha petroli mjini.

Hatua ya pili: kupima sagi

Sagi ni kiasi ambacho pikipiki inashuka ikibeba uzito. Ziko mbili, na zote mbili ni muhimu: sagi ya pikipiki peke yake, na sagi ukiwa umeketi juu yake. Unahitaji tepu ya kupimia, kreti au stendi, kalamu, na watu wawili wa kukusaidia. Fanya hivi:

Kwanza, inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie. Bandika kipande cha tepu kwenye madigadi ya nyuma, juu kabisa ya ekseli, uweke alama. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye alama. Tuseme umepata milimita 600. Iandike.

Pili, shusha pikipiki chini, ibonyeze mara mbili tatu ili isikwame, uisimamishe wima bila mtu juu yake. Pima pale pale. Tuseme ni 560. Tofauti, 40, ndiyo sagi ya pikipiki peke yake.

Tatu, panda ukiwa umevaa kila kitu. Mtu mmoja ashike usukani kwa mbele ili usiweke mguu chini. Simama kwenye vikanyagio, ruka kidogo juu yake, kisha keti mahali unapoketi ukiwa njiani, miguu ikiwa juu. Mwingine apime. Tuseme ni 480. Tofauti kutoka 600 ni 120, na hiyo ndiyo sagi yako.

Kwa pikipiki yenye mwendo wa karibu milimita 300 nyuma, sagi yako inafaa iwe kati ya 100 na 105, na ile ya pikipiki peke yake kati ya 30 na 40. KTM zenye shoki isiyo na mikono ya kuunganisha hupenda kukaa chini kidogo, karibu 110. Kwa pikipiki yenye mwendo mfupi, tumia theluthi moja ya mwendo wake kama mwanzo.

Katika mfano wetu, 120 ni nyingi mno. Nyuma imeketi, mbele imeinuka, na kwenye kona gurudumu la mbele litateleza nje. Legeza nati ya juu inayokaza pete ya springi, zungusha pete kwa spana ya ndoano, upime tena. Mzunguko mmoja mzima hubadilisha sagi kwa takriban milimita 3 hadi 5. Usipige pete kwa nyundo na patasi kama wafanyavyo wengi. Meno yake ni ya alumini, hukatika, na siku ya kutaka kuirudisha haitashikika.

Basi umekaza mizunguko minne na sagi yako sasa ni 104. Wengi hufurahi na kuondoka hapo. Tulia, upime tena ile ya pikipiki peke yake. Utakuta imeshuka kutoka 40 hadi karibu 24. Namba hii ndogo ndiyo inayosema ukweli: springi ni laini kwako. Umelazimika kuikaza sana ili ikubebe, na kwa kuwa imekazwa, inaisukuma pikipiki juu wakati hakuna uzito. Nyuma itakuwa ikirushwa kwenye matuta madogo huku ikigonga mwisho kwenye makubwa. Kukaza springi hakuifanyi kuwa ngumu. Kunabadilisha tu mahali inapoanzia.

Kinyume chake pia hutokea. Sagi yako ikiwa 103 na ya pikipiki peke yake ikafika 48, springi ni ngumu mno kwako, maana imelegezwa kupita kiasi ndipo ikufae. Kijana mwembamba aliyenunua pikipiki ya mtu mzito atakutana na jambo hili. Akiambiwa springi yake ni ngumu hukataa, kwa sababu akikaa pale pikipiki inaonekana kushuka sana. Namba hizo mbili zikisomwa pamoja, ubishi unaisha.

Kununua springi sahihi

Springi ya nyuma huandikwa ugumu wake kwenye chuma chenyewe, kwa mfano 45, ikimaanisha nyutoni (N) 45 za nguvu kwa kila milimita. Mtu akiongezeka kilo 10 hivi, kwa kawaida hupanda hatua moja ya springi. Foku nazo huwa na springi mbili, na zote hubadilishwa pamoja.

Kuwa makini sana na vipimo unapoagiza kutoka nje, kwa sababu viwanda havitumii lugha moja. Vingine huandika kwa N kwa milimita, vingine kwa kilo kwa milimita. Springi ya foku ya 4.2 katika kipimo cha kwanza ni karibu 0.43 katika cha pili, na ya nyuma ya 45 ni karibu 4.6. Mtu anaweza kuagiza kitu kilichopishana hatua mbili na anachohitaji, kikafika Nairobi baada ya wiki kadhaa na ushuru umelipwa, kumbe hakifai. Andika kipimo pamoja na namba, kila wakati.

Springi za mashindano hutazipata dukani kwa urahisi hapa; nyingi huagizwa. Sili, oili ya foku na beringi ndizo zinazopatikana, na Kirinyaga Road ni mahali pa kuanzia kwa pikipiki ndogo za kawaida. Ukikabidhi foku kwa fundi wa jua kali, sema mambo matatu waziwazi: "Fundi, springi usikate wala usiichome. Oili iwe ya foku, si ya injini. Na kiasi chake nipimie kutoka juu, foku ikiwa imeingia yote na springi ikiwa nje." Springi iliyochomwa moto hupoteza nguvu yake na kulala. Iliyokatwa huwa ngumu zaidi na fupi zaidi kwa wakati mmoja, na kati ya hayo mawili hakuna ulilolipima. Fundi mzuri hatakasirika ukimwambia hivyo, ataleta rula.

Kama foku zako hazina skrubu

Hapa ndipo wenye XR na pikipiki nyingine ndogo hukata tamaa bure. Una mambo matatu mkononi. La kwanza ni kikaza-springi: kipande cha bomba la plastiki gumu kinachokaa juu ya springi ndani ya foku. Kukiongeza urefu kwa milimita 10 kunainua mbele kama imekuwa ikilala. La pili ni uzito wa oili, yaani unene wake. Pikipiki nyingi ndogo hutumia 10W. Ukiweka 15W, foku itaingia na kurudi polepole zaidi. Fahamu kwamba 10W ya kiwanda kimoja si lazima ilingane na ya kingine, kwa hiyo baki na chapa moja ili ujue unabadilisha nini.

La tatu, ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halina gharama, ni kimo cha oili. Juu ya oili kuna hewa, na foku inapoingia hewa hiyo hubanwa na kuongeza ugumu mwishoni mwa mwendo. Ukipandisha oili kwa milimita 10, mwanzo wa mwendo hautahisi tofauti kubwa lakini foku itagoma kugonga mwisho. Kwa mtu anayeshuka makorongo ya Kajiado na XR yake, hilo linatosha kubadilisha siku nzima. Usipandishe zaidi ya 10 kwa mara moja, na usipite kiwango cha juu cha kitabu, maana hewa ikiwa ndogo mno sili zitasukumwa nje.

Hatua ya tatu: kliki

Sasa shika bisibisi. Kila skrubu izungushe polepole kwa kulia, ukihesabu kliki hadi ifike mwisho. Usikaze hapo, kwa sababu ncha yake ni laini. Andika namba. Hicho ndicho ulichonacho leo. Kisha weka namba ya kitabu cha pikipiki, ukihesabu kutoka mwisho huo kwenda kushoto. "Kliki 12" maana yake ni 12 nje kutoka ilipofungwa. Skrubu gani ni ya nini hutegemea pikipiki: kwenye foku nyingine kompresheni iko juu na ribaundi chini, kwenye nyingine ni kinyume, na kwenye foku za WP XPLOR kila mguu wa foku una kazi yake.

Kompresheni ni upinzani wa oili wakati foku au shoki inaingia. Ribaundi ni upinzani wakati inarudi. Shoki nyingi za enduro zina kompresheni mbili: ya mwendo wa pole, inayorekebishwa kwa bisibisi, na ya mwendo wa kasi, inayorekebishwa kwa spana kwenye nati inayoizunguka. Kasi inayozungumziwa ni ya shoki yenyewe, wala haihusu pikipiki inakimbia kiasi gani. Ukigonga jiwe kubwa kwa mwendo wa kutembea, shoki imeingia kwa kasi. Ukifunga breki ukiwa kwenye kilomita 80, foku inaingia polepole.

Chagua kijia kifupi cha dakika tano hadi kumi chenye kila kitu: mawe, kona, mteremko wa breki, na kipande cha mawimbi. Ukipate mahali unaporuhusiwa kupita, maana ardhi nyingi ya Kajiado ina mwenyewe. Zunguka kwanza hadi oili ipate joto. Kisha badilisha kitu kimoja tu, kliki mbili, uzunguke tena. Ukishindwa kuhisi tofauti, nenda kliki sita kwa mara moja ili ujue upande wa kwenda, kisha urudi.

Anza na ribaundi ya nyuma, kwa kuwa ndiyo inayoweza kukuangusha. Kurusha mkia kuna sababu mbili zinazopingana, na mtu akikosea hapa anazidisha tatizo. Angalia mkia unarushwa lini. Ukirushwa kwenye tuta la kwanza kabisa, springi inarudi kwa kasi mno: funga ribaundi kliki mbili. Lakini ukipita mawimbi ya maramu, matatu ya kwanza yakawa sawa, kisha kila linalofuata likawa gumu zaidi mpaka nyuma inapiga piga na kuhama upande, hapo shoki inarudi polepole mno. Haijainuka kutoka wimbi la kwanza na la pili limeshafika, kwa hiyo kila wimbi linaikuta chini zaidi. Fungua ribaundi kliki mbili. Barabara za Kajiado zinafundisha hili vizuri kuliko uwanja wowote, kwa sababu mawimbi yake ni mengi na yanafuatana.

Foku za mbele zisome kwa mikono. Viganja vikiuma kwenye mawe madogo, fungua kompresheni. Mbele ikizama mno ukifunga breki kwenye mteremko, ifunge kidogo. Kabla ya kugusa chochote lakini, funga kamba ndogo ya plastiki ya kufungia waya kwenye bomba la kromu, ikigusa sili, uzunguke kijia chote. Sili itaisukuma kamba hadi mwisho ambao foku imefika. Ikibaki milimita 10 hadi 20 baada ya pigo kubwa kuliko yote njiani, mambo yako sawa. Ikibaki 90 na mikono bado inauma, foku ni ngumu kwako. Kama imegonga mwisho na mikono vilevile inauma, basi foku ni laini mno: inazama mpaka sehemu ngumu ya mwendo wake na kukaa hapo. Mtu wa namna hii hufungua kompresheni zaidi akidhani anapata ulaini, na maumivu yanaongezeka.

Baada ya hapo unaweza kucheza na kimo cha foku kwenye klampu zake. Kupandisha mabomba milimita 5 kunaifanya pikipiki iingie kona haraka. Kuyashusha kunaituliza kwenye maramu ya kasi. Miguu yote miwili ya foku iwe sawa kabisa, na klampu zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu.

Mvua, mchanga na mwinuko

Wakati wa masika, udongo mweusi ukiganda kwenye fremu na magurudumu huongeza kilo nyingi kwenye pikipiki. Kaza springi ya nyuma mzunguko mmoja kabla ya kutoka. Kwenye mchanga wa laga, yale makorongo makavu ya kuelekea Magadi, fanya kinyume: acha nyuma ishuke hadi sagi ya 108 hivi na funga kompresheni ya mbele kliki mbili, ili gurudumu la mbele lisijichimbie.

Jambo la mwinuko halizungumzwi vya kutosha. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, Magadi karibu 600, na Mombasa iko usawa wa bahari. Foku iliyofungwa Mombasa imebeba hewa ya Mombasa. Ikipandishwa Nairobi, hewa ya nje ni nyepesi zaidi na ile ya ndani inabaki na shinikizo, hata psi 2 na zaidi. Foku inakuwa ngumu bila mtu kugusa kitu. Ndiyo maana foku nyingi zina skrubu ndogo ya kutoa hewa kwenye kofia. Inua gurudumu la mbele juu, foku zikiwa baridi, fungua skrubu, sikia "psss", funga. Fanya hivyo kila unapofika mahali pa kuendeshea, Magadi ikiwemo, maana hata kuendesha kwenyewe huingiza hewa. Kwa foku za hewa usiguse skrubu wala vali ovyo: pima kwa geji yake, zikiwa baridi, hapo hapo utakapoendeshea.

Matunzo

Vumbi la Suswa ni laini kama unga, na ndilo adui mkubwa wa sili. Usielekeze mashine ya kuoshea kwenye sili wala kwenye beringi za shoki. Sili ikianza kuvuja, usikimbilie kuibadilisha. Shusha kifuniko cha vumbi, pitisha kipande chembamba cha plastiki, mfano filamu ya picha ya zamani, kati ya sili na bomba, ukikizungusha kuzunguka bomba lote. Mara nyingi ni punje ya mchanga iliyokwama, ikitoka uvujaji unaisha.

Oili ya foku na shoki inayotumika kwa bidii ibadilishwe kila saa 30 hadi 50 za kuendesha. Foku za springi fundi mwenye vifaa anaweza kuzifungua. Shoki ya nyuma ni tofauti: ina gesi ya naitrojeni yenye shinikizo la karibu bar 10, na anayeifungua bila kuitoa gesi kwanza anaweza kujeruhiwa vibaya. Muulize fundi wazi kama ana mtungi wa naitrojeni na kifaa chake cha kujazia. Akisema atajaza kwa kompresa ya tairi, chukua shoki yako uende kwingine.

Grisi ya beringi za nyuma iwekwe angalau mara moja kila baada ya msimu wa mvua. Ni kazi ya saa mbili hivi, na gurudumu likiwa nje utaona na hali ya mnyororo.

Saspensheni ikirudi kutoka kwa fundi, hesabu kliki zote ukiwa bado karakana, kwa maana anayefungua hurudisha skrubu pale anapoona yeye. Kisha pima sagi zote mbili upya. Springi ya nyuma ikitolewa na kurudishwa, pete huwa haijakaa ulipoiacha, na tofauti ya mzunguko mmoja na nusu hutaiona kwa macho, ila tepu itakuonyesha.